Amplifaya ya Valvu na Amplifaya ya Transista

Wako watu walio na amplifaya ya mbele ya zamani, itumiayo valvu za kioo, nao wataka kuiunga na amplifaya ya nguvu ya transista. Jambo hili lawezekana, illa lina masharti.

Twaa mfano wa chombo kiitwacho PAS-3, kilichouzwa na kampuni ya Dynaco ya Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960. Kazi yake ni kupokea sauti dhaifu ya santuri, kuikuza, na kuipeleka kwa amplifaya ya nguvu, ambayo ndiyo isukumayo spika.

Valvu ndogo ni kama chemchemi haba. Ukiteka kwa kata, maji hayapungui. Ukitia pampu, kisima hukauka. Amplifaya za nguvu za valvu zilikuwa zikiteka kwa kata, maana ukinzani wa mlango wao ulikuwa mkubwa, mara nyingi omu 100,000 au zaidi. Baadhi ya zile za transista zina omu 10,000 tu. Tena kati ya vyombo viwili hivi pana kapasita, izuiayo umeme wa valvu na kuuachia muziki upite. Ikiwa ni ya mikrofaradi 0.1, mbele ya omu 100,000 sauti nene hufika salama hata mitetemo 16 kwa sekunde. Mbele ya omu 10,000 huanza kufifia tangu 160. Watu husifu utamu wa valvu, wala sibishani nao. Lakini utamu gani huo, ikiwa ngoma haisikiki? Basi kabla ya kununua, soma kitabu cha amplifaya, utazame omu za mlango wake.

Kapasita iliyozeeka huvuja. Amplifaya nyingine za transista hupitisha umeme huo uliovuja mpaka kwenye spika, uzi wake mwembamba ukaungua. Mpe fundi aibadilishe. Usiifungue mwenyewe, kwani ndani mna volti zaidi ya 200, nazo huweza kubaki hata baada ya kuzima.

Wakati wa kuwasha, anza na ile ya valvu, ungoje dakika moja ipate moto na mshindo wake upite, ndipo uwashe ya transista. Wakati wa kuzima, ya transista itangulie.