MAFUTA YA DAMU HURITHIWA: TUPIMWE JAMAA NZIMA

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo hunong'onezwa tu matangani. Mtu wa miaka 40, mwembamba, mwenye kulima kila siku, anashika kifua na kufa. Kakaye alikufa vivyo hivyo. Basi watu huuliza: ni nani amewaroga?

Tufikirie kwanza damu yao. Kila mmoja wetu ana mafuta yaitwayo kolesteroli, na mengi hutengenezwa mwilini mwenyewe. Mafuta hayachanganyiki na maji, kama mnavyoona kwenye mchuzi. Kwa hiyo mwili huyafunga katika vifurushi viitwavyo lipoproteini, navyo hupita ndani ya damu kama mikokoteni. Ini lina milango ya kupokea mikokoteni ya aina ya LDL na kuiondoa njiani. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani ndio waliofichua milango hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1985.

Lakini kama mtu 1 katika kila 300 amezaliwa na kasoro katika kazi hii. Mikokoteni yake huzunguka bila kupokelewa, na mafuta hujibandika kwenye mishipa tangu utotoni, mpaka mshipa wa moyo unaziba. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto, awe wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Si kila kifo cha ghafla ni cha namna hii. Lakini kama baba au kaka alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, ama mama au dada kabla ya miaka 65, jamaa wote, watoto pia, waombe kupimwa kolesteroli. Hutolewa damu kidogo tu. Ikipatikana imezidi sana, daktari anaweza kutoa vidonge viitwavyo statini, vya kumeza kila siku. Kuacha sigara na kupunguza mafuta ya kuganda ni lazima, ila kwa watu hawa chakula peke yake hakitoshi.

Vikundi vyetu huchanga upesi kwa ajili ya jeneza. Je, hatuwezi kuchanga mapema kwa ajili ya kipimo? Katika mkutano ujao tuulizane: ni nyumba gani kati yetu zimepoteza watu hivi? Tuanze na hizo.