Serengeti Isife: Mtazamaji wa Mara Mbele ya Filamu Mashuhuri



Filamu iliyokwisha kusifiwa humfikia mtazamaji pamoja na sifa zake, naye aghalabu huzipokea kabla hajaketi. Mhadhara huu unauliza swali lililo dogo: mtazamaji akiwa mtu wa Musoma, Bunda au Butiama, na filamu ikiwa inahusu nchi iliyo nyuma ya nyumba yake, anasikia nini? Filamu inayokusudiwa ni ile ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, iliyotolewa mwaka 1959 na kutunukiwa Oscar mwaka 1960 katika fungu la filamu za hali halisi. Michael hakuwahi kuona ikipokelewa. Ndege yao, iliyopakwa milia ya punda, ilianguka naye tarehe 10 Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro.

Ubora wa filamu hiyo haubishaniwi hapa. Makundi ya nyumbu yaonwayo kutoka angani, vivuli vyao virefu, subira ya mpiga picha: hayo yanastahili sifa zake. Linalobishaniwa ni lugha, na ubishi unaanzia kwenye jina.

Kwa Kijerumani jina hilo limebeba katazo: Serengeti hairuhusiwi kufa. Kwa Kiingereza limekuwa Serengeti Shall Not Die, ambamo katazo na ahadi vimefichwa ndani ya neno moja. Kiswahili hakimpi mfasiri maficho hayo. Akisema Serengeti haitakufa, ametabiri. Akisema Serengeti isife, ametumia umbo la kitenzi linaloishia kwa -e, ambalo ni la ombi au amri. Na amri haikamiliki bila mwenye kuamriwa. Ni nani basi anayeambiwa asiiue? Fauka ya hayo, kiambishi i- kinaifanya Serengeti kuwa kitu kimoja chenye kuweza kufa. Kiswahili kina njia nyingine: pa-, ku- na m- huifanya kuwa mahali, na mahali huulizwa nani yumo.

Ndani ya filamu swali hilo halina nafasi kubwa. Baba na mwana waliruka wakihesabu wanyama wakubwa wa mbuga, wakapata 366,980. Hesabu hiyo ilikuwa kazi ya kisayansi ya kupongezwa kwa wakati wake. Majina ya vilima, mito na mahame hayakuwa sehemu ya hesabu. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Wanata, Waikoma, Waikizu, Waishenyi na Wangoreme, alionyesha katika Imagining Serengeti (2007) kwamba kwa watu hao nchi ileile ni nchi iliyokaliwa: ina makazi ya kale ya koo, njia za safari, na mahali pa mizimu, wapaitapo emisambwa. Kamera iliyoko angani ikionyesha uwanda mtupu, haijasema uongo juu ya nyasi. Imekaa kimya juu ya majina. Kimya cha namna hiyo kina gharama. Watu wa Nyamuma, Wilaya ya Serengeti, walihamishwa kwa nguvu mwaka 2001, na shauri lao likafika mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Hatimaye filamu inaonyesha mitego ya waya na watu waitegao. Hapa ndipo mfasiri anapobanwa. Neno mwindaji limetokana na kitenzi winda. Lina kiambishi cha ngeli ya watu na tamati -ji ya mtu mwenye mazoea ya kutenda. Linaeleza kazi. Neno jangili halina kitenzi cha Kiswahili nyuma yake. Wingi wake ni majangili, kwa ma- ile inayowapokea majambazi na majizi, na ujangili ndio uliotoka kwake. Linaeleza hukumu. Mtu mmoja, mshale mmoja, bonde lilelile la Mto Grumeti: mpaka unapochorwa ramani, nomino yake inabadilika. Mwanaisimu asiyeliona hilo anatazama filamu nusu.

Kuna watu walioliona bila kusoma isimu. Katika vibanda vya video, vile ambavyo watu wameviita vibanda umiza, wasimulizi walizoea kuweka sauti yao ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alisimulia hata Titanic ya mwaka 1997. Ni rahisi kuwadharau wasimulizi hao kwa kuwa hawafuati maneno ya waigizaji. Dharau hiyo haina msingi. Msimulizi wa kibanda hutafsiri, hueleza na huingilia kati. Anaweza hata kumkanusha mhusika. Kama ni suala la hadhi ya kazi, itoshe kukumbuka kwamba mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alikwishaichukua tamthilia ya Shakespeare na kuipa Kiswahili mwaka 1963, akiwa amelibeba taifa changa mabegani. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi iliyosifiwa haiguswi.

Basi msimulizi wa Bunda akipewa filamu ya Grzimek, atasema nini ndege inapopita juu ya Grumeti? Angeweza kutaja kila kilima. Lakini kwa lugha gani? Kiswahili nacho kimezoea kufunika. Kiikoma na Kinata vina wasemaji wachache, na vijana wao husoma, huomba kazi na hutazama filamu kwa Kiswahili. Msimulizi atakayeyaswahilisha majina ya mahali ili yasikike vizuri Musoma mjini atakuwa ameiondoa kamera ya Mjerumani na kuweka yake palepale. Wazee wayajuao majina hayo wangali wapo Robanda na vijiji vya jirani, na safari ya kuwafikia kutoka Musoma ni ya siku moja.