Leseni ya Mashua Ugenini: Soma Kabla ya Kutia Sahihi

Ninyi mliokusanyika darasani, sogeeni karibu na radio ili wote msikie. Na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi baada ya kipindi, fuata mstari kwa mstari, wala usiharakishe.

Leo tutazungumza juu ya mtu aliyekwenda kutembea katika nchi za Ulaya, akataka kukodi mashua ili aiendeshe mwenyewe. Je, ahitaji leseni au hahitaji?

Pengine utasema, "Habari hii yanihusu nini mimi?" Yakuhusu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza, watu wetu wengi siku hizi wanakaa Ulaya kwa kazi na masomo, na jamaa zao huenda kuwatembelea. Siku ya mapumziko mtoto husema, "Baba, twende tukakodi mashua." Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kabla mashua haijaondoka gatini, karatasi huwekwa mezani, nawe huambiwa, "Tia sahihi hapa." Wewe umekuja darasani ili karatasi isiwe kitu cha kukutisha. Basi somo la leo ni la mashua, lakini ni la karatasi pia.

MANENO YA SOMO

Leseni ni ruhusa ya serikali ya kufanya jambo fulani. Cheti ni karatasi ya kuonyesha kwamba umefundishwa na umepasi. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa kati ya watu wawili. Amana ni fedha unazoziweka kwa mwenye mashua, ambazo hurudishiwa ukirudisha chombo salama. Bima ni mapatano ya kulipiwa hasara ikitokea ajali. Nguvu za farasi ni kipimo cha nguvu za injini. Siku hizi nchi nyingi hupima kwa kilowati. Kilowati 11 ni kama nguvu za farasi 15.

KILA NCHI NA SHERIA YAKE

Mtu aliyezoea motokaa hudhani kwamba sheria ni moja kila mahali: bila leseni, huendeshi. Mambo ya mashua si hivyo. Nchi moja hudai cheti, na jirani yake haidai. Wazee wetu walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Basi tuzitazame nchi chache, moja moja.

Tuanze na Uingereza. Huko kuna mifereji mingi ya zamani iliyochimbwa kwa ajili ya kuchukua makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Leo watu huitumia kwa matembezi. Anayekodi mashua ya mferejini hatakiwi kuwa na leseni ya kuendesha. Chombo chenyewe ndicho kinachotakiwa kuwa na leseni, na hiyo ni kazi ya mwenye chombo. Mwendo ni wa polepole, si zaidi ya maili 4 kwa saa, yaani kama mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka.

Katika Ufaransa, sheria hudai leseni kwa mashua yenye injini inayozidi nguvu za farasi 6. Lakini kuna njia maalum kwa wageni wanaokodi mashua za kulala katika mifereji. Mwenye mashua huwafundisha kwanza, kisha huwapa karatasi iitwayo carte de plaisance. Karatasi hiyo ni ya safari hiyo tu. Safari ikiisha, nayo imekwisha.

Katika Hispania, waweza kuendesha bila leseni mashua ya injini yenye urefu usiozidi mita 5 na injini isiyozidi nguvu za farasi 15. Hata hivyo, ni mchana tu, wala usiende zaidi ya maili 2 za baharini kutoka bandarini au mahali pa kujikinga. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Basi maili 2 ni karibu kilomita 4.

Katika Ugiriki, mtu mzima aweza kukodi bila leseni mashua ndogo yenye injini isiyozidi nguvu za farasi 30. Lakini akitaka mashua kubwa ya matanga ya kusafiri toka kisiwa hata kisiwa, hapana budi awepo nahodha mwenye cheti, pamoja na mtu wa pili ajuaye kumsaidia.

Katika Italia, mpaka wa injini ni nguvu za farasi 40.8, na mpaka wa safari ni maili 6 za baharini kutoka pwani. Pia hutazamwa ukubwa wa injini yenyewe, si nguvu zake tu.

Katika Ujerumani mpaka ni nguvu za farasi 15. Lakini katika mto Rhine, ambako meli za mizigo hupita usiku na mchana, mpaka ni nguvu za farasi 5 tu.

Mwisho ni Kroatia. Huko anayekodi mashua ya matanga bila nahodha lazima awe na cheti kinachokubaliwa na serikali. Tena katika chombo lazima awepo mtu mwenye cheti cha kutumia redio ya baharini.

Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu ndogo. Mashua ina injini yenye nguvu za farasi 25. Katika Ugiriki, mgeni aweza kuiendesha bila leseni. Katika Hispania hawezi. Katika Ujerumani hawezi. Mashua ni ile ile, na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni nchi. Basi usiseme, "Mwaka jana kule sikuulizwa." Uliza hapo ulipo, na uliza kila mwaka, maana sheria hubadilishwa.

CHETI CHA KIMATAIFA

Kwa sababu ya tofauti hizi, Tume ya Uchumi ya Ulaya ya Umoja wa Mataifa, ambayo makao yake ni Geneva, ilipitisha Azimio Namba 40 mwaka 1998. Azimio hilo liliweka cheti cha kimataifa cha waendeshaji wa vyombo vya matembezi. Nchi iliyolikubali huweza kuwapa cheti hicho raia zake na wakazi wake. Katika Uingereza hutolewa na chama kiitwacho Royal Yachting Association, kwa mtu wa miaka 16 au zaidi, nacho hudumu miaka 5.

Kisome cheti hicho kwa makini. Hueleza chombo gani umeruhusiwa, cha injini au cha matanga. Hueleza maji gani umeruhusiwa, ya pwani au ya mito na mifereji. Mwenye kutaka kupita katika mito na mifereji hufanya mtihani wa alama na kanuni za maji ya bara. Tena cheti hiki hakifungui kila mlango. Kila nchi huamua yenyewe kama itakikubali, na kwa vyombo gani.

Hapa nataka kusema na wewe uliyezaliwa Pate, au Mafia, au Ukerewe. Umepanda ngarawa au mtumbwi tangu utotoni. Waujua upepo wa kusi na wa kaskazi, na usiku waongozwa na nyota. Ujuzi huo ni mali, wala asikudharau mtu. Lakini ofisa wa bandari ya ugenini hawezi kuuona ujuzi uliomo kichwani. Yeye huona karatasi. Kama huna karatasi anayoitaka, una njia tatu za halali. Kodi mashua ndogo isiyodai leseni. Au kodi mashua pamoja na nahodha wake. Au fanya mafunzo, upate cheti. Leseni ya motokaa usiitoe mfukoni. Haihusiani na maji.

KARATASI ILIYO MEZANI

Sasa tufike mezani. Mkataba umewekwa mbele yako. Watoto wanarukaruka gatini, jua linapanda, na watu nyuma yako wanangoja zamu. Hapo ndipo watu wengi hutia sahihi bila kusoma. Wewe usifanye hivyo. Tafuta mambo matano.

La kwanza: ni jina la nani lililoandikwa kuwa ndiye mwendeshaji? Mtu huyo ndiye nahodha mbele ya sheria. Ajali ikitokea, ndiye atakayeulizwa, hata kama usukani ulikuwa mikononi mwa shemeji yake. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi awe mmoja, na ajulikane.

La pili: mipaka iko wapi? Mkataba husema mashua iende wapi na irudi saa ngapi. Omba uonyeshwe kwa kidole katika ramani.

La tatu: mashua ichukue watu wangapi? Kama imeandikwa 5, mtoto wa sita abaki pwani, au kodini mashua ya pili.

La nne: amana ni kiasi gani, nayo itakatwa kwa sababu gani? Izungukeni mashua pamoja na mwenyewe kabla ya kuondoka. Kila mkwaruzo mnaouona uandikwe, ili jioni usilipishwe kosa la mtu mwingine.

La tano: bima inalipa nini, na hailipi nini? Jambo hili ni zito. Kama sheria yadai leseni nawe huna, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa. Mtu akiumia, gharama za hospitali na fidia zaweza kukuangukia wewe, na zaweza kuwa kubwa kuliko bei ya mashua. Usidhani kwamba mwenye mashua akikubali kukupa, basi sheria nayo imekubali. Yeye anakodisha tu. Anayetoa ruhusa ni serikali.

Na kama mkataba umeandikwa kwa lugha usiyoijua? Sema waziwazi, "Sielewi. Nisomee, au nipe uliotafsiriwa." Si aibu kusema hivyo. Aibu ni kuweka jina lako chini ya maneno ambayo huyajui. Kama hakuna wa kukueleza, rudisha kalamu, uende zako.

RUHUSA SI UJUZI

Limebaki jambo moja, nalo ndilo la kuokoa roho. Sheria ikisema huhitaji leseni, haikusema kwamba hakuna hatari. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, omba ufundishwe mambo haya, nawe uyafanye mbele ya mwalimu kwa mikono yako.

Jifunze kuwasha injini na kuizima. Mashua nyingi za injini zina kamba fupi ya kuzimia injini. Mwendeshaji huifunga mguuni au mkononi. Akianguka majini, kamba huchomoka na injini huzimika. Bila kamba hiyo, mashua huendelea bila mtu, na yaweza kuzunguka ikamrudia aliyeanguka. Rafadha inayozunguka hukata kama panga. Kwa sababu hiyo, mtu akiwa majini karibu na mashua, zima injini kabisa.

Kila mtu awe na jaketi la kuokolea linalomtosha. La mtu mzima halimfai mtoto; atateleza chini na kutoka.

Jifunze kanuni za njia. Ziko Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Vyombo Kugongana Baharini, za mwaka 1972. Mashua mbili za injini zikikabiliana uso kwa uso, kila moja igeuke upande wake wa kulia. Njia zikikatana, mpishe aliye kuliani kwako. Ukimpita aliye mbele, wewe ndiye wa kumwepuka. Na wewe mwenye injini ndogo, kaa mbali na meli kubwa. Haiwezi kusimama upesi.

Tazama hali ya hewa. Katika visiwa vya Ugiriki, wakati wa joto, huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Mbingu yaweza kuwa nyeupe bila wingu, na bahari ikachafuka. Wenyeji wakisema, "Leo usitoke," usitoke.

Mwisho, jua namna ya kuita msaada. Katika redio ya baharini, mkondo wa 16 ndio wa kuitia msaada. Mwenye hatari ya kufa hutamka neno "Mayday" mara tatu, kisha husema jina la chombo, mahali kilipo, shida iliyompata, na idadi ya watu.

MASWALI YA DARASA

1. Kuna tofauti gani kati ya leseni na mkataba?
2. Mashua ina urefu wa mita 4 na injini ya nguvu za farasi 20. Je, mgeni asiye na leseni aweza kuiendesha katika Hispania? Kwa nini?
3. Taja mambo matano ya kutafuta katika mkataba.
4. Kamba ya kuzimia injini hufanya kazi gani?
5. Andika sentensi tatu za kumwomba mwenye mashua akueleze mkataba usioufahamu.

Swali la tano lifanyeni wawili wawili, mmoja awe mgeni na mmoja awe mwenye mashua, kisha mbadilishane. Mkishayasema maneno hayo mara nyingi darasani, hayatawakwama kooni mbele ya mgeni.

Basi, wanafunzi wetu, hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Kwaherini, na mpate kusoma kwa furaha.