Kiwanuka na ile Nusu

Wiki hii tuna Septemba 21, na wanaonifuata wanajua siku hiyo ikifika lazima nimtaje Benedicto Kiwanuka. Ndiyo siku ya mwaka 1972 ambapo wanajeshi wa Idi Amin walimtoa Jaji Mkuu wa Uganda ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala, watu wakitazama. Hakurudi. Hata kaburi hana.

Nilikuwa nimejipanga kuyarudia hayo yote, mpaka ukaingia ujumbe wa mzee mmoja wa Kegonga. Nausoma ulivyo: "Mura, huyo jaji umetusimulia mwaka jana na mwaka juzi. Leo tuambie habari za mjukuu wake, yule wa mpira wa Marekani. Ni kweli alikuwa na rekodi, au ni porojo za mitandaoni?"

Haya, mzee wangu, umenishika pabaya, maana huyo mjukuu nampenda kuliko ninavyokiri hewani.

Anaitwa Mathias Kiwanuka. Alizaliwa mwaka 1983 mjini Indianapolis, Marekani, kwa wazazi Waganda. Chuo alichochezea ni Boston College, chuo cha Wajesuti. Wazee wanaoikumbuka siasa ya Uganda hapo lazima wacheke: Benedicto aliongoza chama cha DP, na wapinzani wake walizoea kukitania kuwa herufi hizo ni za Dini ya Papa. Mjukuu naye, ng'ambo ya bahari, akaangukia mikononi mwa mapadri.

Sasa rekodi. Katika miaka minne, 2002 hadi 2005, Mathias alimwangusha kwotabeki wa timu pinzani mara 37 na nusu. Kwotabeki, kwa wasioujua mchezo huu, ndiye mrusha mpira, ndiye bongo la timu. Akikamatwa na kulazwa chini nyuma ya mstari wa kuanzia kabla hajaachia mpira, timu yake inapoteza hatua na yule aliyemlaza anaandikiwa moja. Hakuna aliyewahi kuandikiwa nyingi hivyo pale Boston College. Harold Landry alipata 16 na nusu katika msimu mmoja wa 2016, Donovan Ezeiruaku akapata idadi hiyo hiyo mwaka 2024, na wote wawili waliondoka chuoni bila kuifikia jumla ya Kiwanuka. Kwa hiyo, mzee, si porojo.

Thelathini na saba na nusu! Mimi hiyo nusu ndiyo inayoninyima usingizi. Ukienda kuangalia gozi letu la kawaida, hakuna anayefunga nusu goli. Sony Sugar ya Awendo, hapa hapa Migori, ilipobeba ligi ya Kenya mwaka 2006, haikubeba kwa nusu. Lakini kule, wachezaji wawili wakimfikia kwotabeki pamoja wakamwangusha, kila mmoja anaandikiwa nusu. Mtunza takwimu anakaa juu jukwaani, anatazama rundo la wanaume wenye kofia ngumu, anaamua ni mkono wa nani ulifika. Basi mahali fulani yupo mwenzake Kiwanuka mwenye nusu iliyobaki, na huenda mpaka leo anaapa kwamba ile ilikuwa yake nzima.

Simu inalia. Ngoja... eee, ni Kegonga tena, leo mmeamua. Anauliza: huyu kijana ni Mganda au ni Mmarekani? Mbona mnajisifia mtoto wa watu?

Ndugu yangu, swali hilo unaniuliza wewe uliye Kuria Mashariki? Wewe ambaye ukitaka kumuoza binti, nusu ya wajomba wanatoka Tarime na vitambulisho vyao vya Tanzania? Mpaka uliwekwa na Wajerumani na Waingereza, mkaendelea kupeana ng'ombe juu yake. Kiwanuka ni Mmarekani wa kuzaliwa na ni Mganda wa ukoo. Jina alilovaa mgongoni kila alipocheza ni la babu yake, na hilo linanitosha.

Na huyo babu, nimguse kidogo kwa wageni. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, Machi 1962, nchi ilipopata serikali ya ndani. Uchaguzi ulifuata mwezi Aprili, akashindwa na muungano wa Milton Obote na chama cha Kabaka Yekka. Baadaye Obote akamfunga, Amin akamfungua, na mwaka 1971 Amin huyo huyo akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho. Kisha ikaja kesi ya Mwingereza mmoja aliyewekwa kizuizini na wanajeshi. Kiwanuka akaamuru aachiliwe, kwa kuwa sheria haikumruhusu mwanajeshi kumshika raia hivyo. Hazikupita siku nyingi.

Turudi uwanjani, maana kuna mchezo mmoja ambao nimeutazama mpaka nyumbani wananiuliza kama siujui mwisho wake.

Mwaka 2006 New York Giants, timu ya kulipwa, walimchukua Mathias kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya, mtu wa 32 kuchaguliwa, wa mwisho kabisa katika raundi ya kwanza. Novemba 26 mwaka huo huo wako Nashville wakicheza na Tennessee Titans. Giants waliongoza 21 kwa bure mpaka robo ya mwisho. Wapinzani wakazinduka, ikawa 21 kwa 14. Sasa Titans wako kwenye jaribio lao la nne, la mwisho, wanahitaji yadi kumi. Wakikosa, mpira unarudi kwa Giants. Kwotabeki wao ni Vince Young. Kiwanuka anamfikia. Anamkumbatia. Amemshika, wasikilizaji, amemshika kiunoni, mkono huku na mkono huku! Mchezo umekwisha.

Akamwachia.

Akamwachia! Alidhani Young ameshatupa mpira, na ukimwangusha kwotabeki ambaye mpira umeshamtoka, refa anakuadhibu. Young alikuwa nao bado. Akakimbia yadi 19, Titans wakasawazisha, kisha wakapiga mpira kwa mguu kutoka yadi 49 wakapata pointi tatu, ikawa 24 kwa 21. Kijana mwenye rekodi ya chuo ya kuangusha warusha mpira, mbele ya nchi nzima, anamwachia mmoja aliyekwisha kumtia mikononi. Magazeti ya New York hayakumhurumia. Mimi nasema aliheshimu sheria kupita kiasi, na mwenye kujua ukoo wake atanielewa.

Hakupotea lakini. Alikaa Giants mpaka 2014, misimu tisa, akaandikiwa 38 na nusu. Nusu tena, jamani! Chuoni miaka minne 37 na nusu, kwa wanaolipwa miaka tisa 38 na nusu. Mwaka 2007 alivunjika mguu, timu ikatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2008 bila yeye uwanjani. Wakatwaa tena Februari 2012, 21 kwa 17 dhidi ya New England, na safari hiyo alicheza. Fainali ilichezewa wapi? Indianapolis, mji aliozaliwa.

Ujumbe mwingine hapa, huyu ni mjuaji: "Rekodi ya vyuo vyote vya Marekani ni ya nani?" Hapo kuna ugomvi. Daftari la NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, linamtaja Jaylon Ferguson wa Louisiana Tech, mara 45, ambaye mwaka 2018 alimpita Terrell Suggs wa Arizona State mwenye 44. Ila Alabama wana Derrick Thomas, aliyemaliza chuo mwaka 1988 na 52, na 27 kati ya hizo ni za msimu mmoja. Kwa nini hayumo? Kwa sababu NCAA ilianza kuhesabu rasmi takwimu za mabeki mwaka 2000. Kiwanuka aliingia uwanjani wakati daftari limeshafunguliwa. Thomas aliingia mapema mno.

Mimi nampa Thomas. Fundi wangu wa mitambo hapa anatikisa kichwa, yeye anasema lisiloandikwa rasmi halipo. Laini ziko wazi mpaka taarifa ya habari. Kegonga, nyinyi mmeshapiga sana, waacheni na watu wa Mbita na Ndhiwa waseme: Thomas au Ferguson?