Somo la Historia: Je, Ulikuwapo?

Leo twajifunza kupima habari za zamani, ili tusiamini kila neno kwa kuwa limepigwa chapa.

Mwajua desturi ya baraza. Watu wawili wakishitakiana juu ya mpaka wa shamba, wazee humwuliza shahidi: "Je, ulikuwapo? Uliona kwa macho yako, au uliambiwa?" Msomaji wa historia naye huuliza vivyo hivyo.

Habari iliyotoka kwa mtu aliyekuwapo, au iliyoandikwa wakati wa mambo yenyewe, huitwa chanzo cha kwanza. Barua, hati za kodi, picha na masimulizi ya aliyeona ni vyanzo vya kwanza. Habari iliyotungwa baadaye, na mtu aliyekusanya maneno ya wengine, huitwa chanzo cha pili. Kitabu cha historia cha shule ni chanzo cha pili.

Na tuchukue mfano wa Vita vya Maji Maji. Mwezi wa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, karibu na Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu na serikali ya Wajerumani. Vita vikaenea sehemu kubwa ya kusini mpaka 1907. Watu wengi mno walikufa, na wengi wao waliuawa na njaa.

Gavana wa siku zile alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Mwaka 1909 alitoa kitabu chake juu ya vita hivyo. Je, hicho ni chanzo cha kwanza? Jibu lategemea swali lako. Ukiuliza, "Serikali iliamuru nini?" gavana ni shahidi, maana amri zilitoka kwake. Lakini ukiuliza, "Wakulima wa Umatumbi waliona uchungu gani moyoni?" yeye hakuwa shambani pamoja nao. Hapo asema aliyoyasikia. Tena alikuwa na sababu ya kujitetea.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa sasa na miaka 78. Wazee walieleza habari za pamba, viboko na kazi ya kulazimishwa. Lakini hao nao hupimwa. Miaka 63 ni mingi, na mtu husahau. Wengine walisimulia waliyoambiwa na baba zao.

Basi shikeni neno hili: chanzo cha kwanza si lazima kiwe kweli tupu. Shahidi aweza kuona vibaya, kusahau, au kuficha. Kwa hiyo twaweka neno la gavana kando ya neno la mkulima, tukatazama wapi yanapatana na wapi yanapingana.

Iko pia tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo *Kinjeketile*, ya mwaka 1969. Ni kazi nzuri ya kusoma, lakini maneno wanayosema watu wake yametungwa na mwandishi. Msiyachukue kuwa ushahidi wa vita.

Leo hakuna hata mmoja aliye hai katika wale waliopigana. Kama wasingeulizwa kwa wakati, tungekuwa na maneno mengi ya watawala, na machache sana ya waliolima pamba.

Kazi ya wiki hii: mwendee mzee mmoja, mwulize habari moja ya zamani ya kijiji chenu. Andika jina lake, tarehe ya leo, na maneno yake kama alivyosema. Kisha jibu maswali haya:

1. Je, aliona mwenyewe, au aliambiwa? Na nani?
2. Mambo hayo yalitokea miaka mingapi iliyopita?
3. Nani mwingine aweza kuulizwa habari hiyo hiyo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.