KUHESABU PUMZI ZA MTOTO MGONJWA



Mama aingiapo zahanatini na mtoto mwenye kikohozi, mara nyingi hutazamia mambo mawili: chombo cha kusikilizia kifua, na sindano. Akimwona mwuguzi ameketi tu mbele yake, saa mkononi, macho yameelekea tumbo la mtoto, kimya kwa dakika nzima, huenda akadhani kwamba anapotezewa wakati. Lakini dakika hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kikohozi ni cha kila nyumba, na watoto wengi hupona mafua bila dawa yo yote. Kichomi, yaani ugonjwa wa mapafu uitwao pia nimonia, huua. Kuyatambua hayo mawili mapema ndiko kunakomwokoa mtoto.

Chombo cha kusikilizia kifua kilibuniwa na Daktari Laennec huko Paris mwaka 1816, nacho ni chombo chema. Walakini kusikiliza kifua cha mtoto anayelia ni kazi ngumu hata kwa daktari, na vijijini walikuwako wahudumu wengi wasiokuwa nacho. Katika milima ya Papua New Guinea, mjini Goroka, Daktari Frank Shann na wenzake waliwachunguza watoto wenye kikohozi, na mwaka 1984 wakatangaza kwamba pumzi zilizofika 50 kwa dakika zaweza kumwonyesha mhudumu ni mtoto gani wa kupewa dawa ya kuua vijidudu. Mipaka inayofuatwa na Shirika la Afya Ulimwenguni ni hii: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, wa miezi miwili hata mwaka mmoja, 50, wa mwaka mmoja hata mitano, 40. Sababu si ya kificho. Vifuko vidogo vya hewa vikijaa majimaji na usaha, pafu huwa gumu, na mtoto asiyeweza kuvuta pumzi ndefu hutafuta hewa kwa pumzi fupi nyingi.

Hesabu hiyo ina adabu zake. Mtoto akiwa analia au ananyonya hahesabiwi. Kwa hiyo mwuguzi mwenye busara haanzi kwa kumvua nguo wala kumpima joto. Humwacha mapajani mwa mama, akamwomba mama ainue shati polepole, naye akatazama tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Wako wahesabuo nusu dakika wakazidisha kwa mbili, na hilo ni kosa, kwa maana mtoto mchanga hupumua kwa vituo, mara mbio, mara kimya kidogo. Mchanga wa chini ya miezi miwili aliyefika 60 huhesabiwa tena kabla ya shauri kukatwa.

Baada ya kuhesabu, mwuguzi hutazama chini ya mbavu. Mtoto mzima avutapo pumzi, kifua na tumbo huinuka pamoja; sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani, ugonjwa umezidi. Tena huangalia kama pua inatanuka na kama mtoto anaguna kila atoapo pumzi. Rangi ya samawati haitafutwi usoni mwa mtoto mweusi, bali katika ulimi na ufizi. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege au asiyeamka vema, huyo ni wa hospitali mara moja.

Hapa pana mtego uliowanasa hata wauguzi wazoefu. Mtoto aliyeandikiwa pumzi 70 jioni, akaonekana na 38 usiku wa manane, aweza kuwa anapona. Aweza pia kuwa amechoka, misuli imeshindwa na kazi. Kadi peke yake haisemi ni lipi. Mwuguzi humwita mama, akatazama kama mtoto anamtambua, kama ananyonya, kama kifua kimeacha kubonyea. Ikiwa amelegea na haamki, kushuka kule si nafuu, na daktari huamshwa saa ile ile.

Siku hizi kipo kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni ya damu kwa mwanga. Chini ya asilimia 90 mtoto hupewa oksijeni kwa mirija midogo puani. Kifaa hicho hudanganywa na kidole baridi, na uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi mara nyingine hutoa hesabu ya juu kuliko iliyo kweli. Basi jicho halijastaafu. Kazi nyingine za uuguzi ni za mkono mpole: kuinua kichwa cha mtoto, kusafisha pua iliyoziba, kumnyonyesha kidogo kidogo; lakini anayehema kwa shida kubwa halazimishwi, maziwa yasije yakaingia mapafuni.

Nchini Kenya chanjo ya vijidudu vya Hib ilianza kutolewa mwaka 2001, na ya nyumokoka mwaka 2011, nazo huzuia sehemu kubwa ya vichomi vikali. Hazizuii vyote, na moshi wa jikoni ungali adui. Wako pia wazee wanaoshauri mtoto akatwe kilimi ili kikohozi kiishe. Kilimi hakina hatia yo yote. Kukikata humletea mtoto damu na vidonda, na siku zinazopotea hapo ndizo zilizokuwa za kumponya.

Mtoto aliyepewa vidonge vya amoksisilini kwenda navyo nyumbani hurudishwa baada ya siku tatu, au mapema zaidi akizidiwa. Mwuguzi huketi tena mbele yake, akangoja atulie, akatazama mshale wa sekunde, akaanza moja.