Sigara ya Umeme Ukumbini: Kikundi Kiamue

(Hotuba fupi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Juzi nilikuwa katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa. Kijana aliyekuja kusaidia hesabu akatoa kitu kama kalamu, akavuta, akapuliza wingu jeupe. Mama mmoja mwenye pumu akakohoa mpaka akatoka nje kunyeshewa. Mwenyekiti alipomkanya, kijana akajibu, "Mama, hii si sigara. Haina moto. Sheria haiikatazi." Wote wakanyamaza. Hata mimi nilinyamaza, na jambo hilo limenisumbua.

Tuangalie sheria basi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa watu wote: ofisini, hotelini, hospitalini, shuleni, kanisani, msikitini, ndani ya matatu. Mwenye kosa aweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Lakini iliandikwa watu wakifikiria tumbaku inayowashwa kwa kiberiti. Sigara ya umeme hutumia betri kupasha kimiminika chenye kemikali mpaka kiwe mvuke. Hapo ndipo wengine wanapata mwanya. Mwaka 2024 muswada wa kurekebisha sheria hiyo uliletwa Seneti, ili vitu hivi navyo vitajwe. Jirani zetu Uganda walikataza kuviuza na kuviingiza nchini kwa sheria yao ya 2015.

Ni kweli, moto hakuna. Lakini mvuke huo mara nyingi una nikotini, ile ile inayomfanya mtu ashindwe kuacha sigara. Na aliyeketi kando anauvuta pia.

Je, tungoje Nairobi? Hapana. Ukumbi ni wenu na kikundi kina katiba yake. Fanyeni hivi:

1. Lileteni jambo hili mkutanoni, vijana wakiwapo.
2. Andikeni kanuni: "Hakuna kuvuta chochote ndani, kiwe cha moto au cha mvuke."
3. Ibandikeni mlangoni. Anayekodi ukumbi aambiwe kabla hajalipa.
4. Kijana asifukuzwe. Aonyeshwe pa kusimama, mbali na mlango. Akitaka kuacha, mmoja wenu amsindikize kituo cha afya.

Baadaye nilimwendea yule mama. Akaniambia, "Mimi natoa mchango kama wengine, lakini siku ile mkutano wangu niliusikiliza nikiwa mlangoni."

Swali la kujadili: Katika kikundi chetu, ni nani anayesikilizia mlangoni?